Watoto walinitupia vitu vyangu, sasa nyumba imejaa tena na mjukuu nusura aungue

Sista, habari ya siku nyingi. Mimi huwa nasoma majibu yako usiku kwa simu wakati kila mtu amelala, na hii barua nimeianza kama mara nne nikafuta juu ya aibu. Leo naandika yote bila kurudi nyuma kusoma, nikikosea unisamehe.

Mimi ni mama wa miaka 53, niko hapa Kisumu, Migosi, nyumba ya kukodi ya vyumba viwili na sebule. Nauza mitumba soko la Kibuye tangu 2009. Mzee wangu alifariki 2019. Nakaa na mjukuu wangu wa miaka sita, mtoto wa Apiyo, juu mamake amepata kazi Nakuru.

Nyumba yangu haiingiliki. Mlango unafunguka nusu, unaingia kwa ubavu, kuna magunia ya fagia, zile nguo za mwisho zisizochaguliwa na mtu, huku na huku mpaka yamefunika swichi ya taa, halafu kuna kanjia ka kupitisha mguu mmoja mbele ya mwingine kanaenda mpaka jikoni. Kitambaa cha kochi sijakiona miaka mitatu. Chumba cha pili ndio usiseme. Huko kuna mitungi ya mafuta ya kupikia, makopo ya rangi, ndoo zilizopasuka, magazeti ya mzee, redio mbili zilikufa, viatu vya mguu mmoja mmoja (nilikuwa najiambia mwenzake atatokea kwa beli nyingine), na juala, zile za plastiki zilipigwa marufuku 2017, nilikuwa nimezikunja vizuri mamia kwa mamia na mpaka leo ziko. Kitanda cha huko kiko chini ya nguo. Mimi na mtoto tunalala kwa changu, na hata hicho tumebakisha upande mmoja.

Si ati mimi ni mchafu. Naoga, mtoto anaenda shule nguo imepigwa pasi, watu wa soko hawawezi jua. Lakini sijaingiza mgeni kwangu tangu matanga ya mzee. Chama ikifika zamu yangu nawapeleka hoteli nalipa, nasema nyumba inapakwa rangi. Nimesema hivyo mara sita.

Nikikuambia ilitoka wapi labda utanielewa. Sisi tulikuwa Naivasha, mzee alikuwa kwa shamba la maua. Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, tulitoka kwa nyumba usiku na watoto wawili, blanketi moja na kiondo kina unga kilo mbili. Tukalala polisi stesheni siku tano, halafu basi mpaka Kisumu na sikurudi tena. Nilikuwa na kabati ya vyombo nimeijaza kidogo kidogo miaka saba, glasi sita za wageni, kibakuli cha sukari kina kifuniko chake. Tulipofika kwa shemeji nikapewa sufuria moja kuukuu haina mkono, nikaiona ni mali. Tangu hiyo siku mkono wangu hauwezi kuachilia kitu. Naona nikitupa tu, kesho kitatakikana na sitakuwa nacho.

Mwaka juzi nilienda mazishi Ugenya siku nne. Apiyo na Adongo wakaja, wakaita vijana wa mkokoteni, wakatoa kila kitu, zingine wakachomea nyuma ya ploti. Wakapaka rangi wakaweka pazia mpya. Nilipofungua mlango wakapiga makofi. Mimi nilikaa chini palepale mlangoni. Koti ya mzee ilikuwa imeenda na moto. Nguo zake zingine ziligawiwa baada ya mazishi vile hufanywa, mimi nikabaki na hiyo koti moja ya kahawia, nilikuwa nimeikunja ndani ya gunia la nguo za kuuza, hawangejua. Sikuongea na wao miezi mitano. Na nyumba ilijaa tena kabla ya mwaka kuisha, sasa imepita vile ilikuwa.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Wiki tatu zimepita stima ikapotea, nikaweka mshumaa juu ya kopo kwa dirisha la chumba cha kulala nikaenda jikoni kubandika uji. Nikasikia mtoto anaita dani, dani, yaani nyanya, hapigi kelele, ni kwa sauti ndogo tu kama anaomba maji. Mshumaa ulikuwa umeangukia nguo. Yeye yuko upande wa ukuta, mimi niko kwa koridoo, na katikati gunia limeporomoka limeziba. Nikalivuta likakwama. Nikalipanda na magoti na sufuria mkononi, uji hata haujashika moto, nikaumwaga wote kwa hizo nguo, ndio ukazima. Jirani alikuwa anasukuma mlango kutoka nje na haufunguki. Mtoto alichomeka vidole viwili na nywele kidogo. Lakini sasa halali bila kushika leso yangu.

Landilodi aliona moshi akaja, akaangalia ndani, akasema mwisho wa mwezi ujao akute nyumba inaeleweka ama nihame. Apiyo anasema ni wazimu, nipelekwe kwa daktari wa akili. Adongo anasema atakuja na lori. Mimi nimejaribu mwenyewe, nilikaa na gunia moja saa mbili asubuhi mpaka saa saba mchana nikatoa soksi moja. Soksi moja Sista, na jioni nikairudisha.

Nina wazimu? Nianzie wapi?

Mama Pacha, Kisumu

*

Mama Pacha, nimesoma barua yako mara tatu na kila mara nimekwama hapo kwa ile sauti ndogo ya mtoto. Pole sana. Pole kwa moto, pole kwa koti, na pole kwa ile kabati ya Naivasha, ambayo sidhani kuna mtu alishawahi kukupa pole yake, juu mwaka ule watu walikuwa wanahesabu wafu, nani angeuliza habari ya glasi sita na kibakuli cha sukari.

Wazimu huna. Hii hali ya mtu kurundika mpaka nyumba ishindwe na kazi yake ina jina hospitalini, kwa Kiingereza hoarding disorder, na inasimama peke yake. Madaktari wa akili wa Marekani waliiweka kwa kitabu chao 2013, na Shirika la Afya Duniani nalo likaiingiza kwa orodha yake mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Zamani ilikuwa inahesabiwa kama tawi la ule ugonjwa wa mtu kunawa mikono mara hamsini kwa siku ama kurudi kila saa kuangalia kama amefunga mlango, baadaye wakaona hapana, hii ni kitu yake. Utafiti mwingi umefanywa Ulaya na Marekani na huko wanapata kama watu 2 au 3 kwa kila 100, sasa wewe piga hesabu ya watu wanaopita Kibuye Jumapili moja uone kama uko peke yako. Kukupima kwa barua siwezi, hiyo inataka mtu akae na wewe uso kwa uso. Lakini mambo unayosema, kushindwa kuachilia hata kitu cha bure, kitanda hakilaliki, mgeni haingii, aibu, hayo nimeyaona kwa wengi miaka yangu ya unesi na hayakuwa uvivu wala uchafu.

Na tusichanganye, mtu wa mitumba kuwa na magunia si ugonjwa, stoki ni stoki. Mimi huuliza maswali mawili tu: mali ikiingia inatoka? Na kochi linakaliwa? Kwako yote mawili jibu ni hapana, na wewe mwenyewe umelisema kabla sijauliza.

Hiyo ya 2008 nakuamini. Si kila aliyepoteza hurundika, kuna watu mlipanda nao basi lile lile na leo kwao hakuna hata kijiko cha ziada, na kuna wanaorundika na hawajawahi kupoteza kitu. Mara nyingi hii tabia huwa imeanza mapema, ujana, kidogokidogo, halafu ikija hasara kubwa au kifo ndio inashika nguvu. Kwako zilikuja zote mbili, 2008 na 2019. Si ajabu.

Ile soksi sasa. Wewe unaona umekaa saa tano ukashindwa, mimi naona mama amekaa saa tano anaamua kesi. Kila kitu ukikishika kinakuja na kesi yake, hii nilinunua pesa ngapi, hii ingefaa nani, hii mzee aliishika, na wewe ndio chifu, lazima usikize zote peke yako, bila maji, bila mtu wa kukaa na wewe. Kubeba ni kazi ndogo, kijana wa mkokoteni anabeba. Kuamua ndio kunamaliza mtu, na kuamua ni kama mkono uliovunjika ukakaa kwa plasta, lazima uzoeshwe tena na vitu vyepesi. Wewe ulianza na gunia zima.

Ndio maana lori la Adongo ukatae. Kataa kwa upole lakini kataa. Nikiwa Nakuru kulikuwa na mzee mmoja fundi wa redio na TV, na matangazo yalipohamia dijitali 2015 watu wakawa wanamwachia zile TV kubwa za mgongo, anazipanga mpaka dari, anasema zina shaba, zina spea, kuna siku. Alilazwa wiki mbili, familia ikauza zote kwa watu wa skrepa. Alitoka wodi akakuta nyumba nyeupe. Miaka miwili haikuisha zilikuwa zimerudi, na safari hii alikuwa amebadilisha kufuli, hata mama watoto hana ufunguo. Familia ilifanya kwa upendo, kama wako. Lakini mtu ambaye ugonjwa wake ni kuogopa kunyang'anywa, ukimnyang'anya umemthibitishia. Hilo koti lilipochomwa, wewe ulirudi polisi stesheni Naivasha, hawakujua.

Kwa hivyo mimi sikuambii utupe. Mwezi huu kazi yako ni mlango.

Nataka mlango wa mbele ufunguke mpaka ugonge ukuta. Halafu kutoka pale mtoto analala mpaka huo mlango kuwe na njia ambayo ukimbeba mgongoni usiku na taa hakuna unapita bila kugeuka ubavu, hiyo ni kama mita moja hivi. Sakafu iwe tupu, hata kiatu kisikae hapo. Kama mlango una grili, ufunguo ukae kwa msumari karibu na mlango na mtoto ajue ni wapi. Huo ndio mpango wote wa wiki mbili za kwanza. Usiangalie chumba cha pili, usiangalie kochi, wala usiulize nyumba itapendeza lini. Landilodi akija akute mlango unafunguka na njia inaonekana ataongea na wewe lugha nyingine, na usingoje aje, mtangulie, mwende na mmoja wa chama unayemwamini umwambie nimeanza hapa, mwisho wa mwezi nitakuwa nimefika hapa.

Na bahati ni kwamba yaliyoziba mlango ni fagia. Hapo wewe ndio mtaalamu, unajua kuliko mimi fagia haijawahi kulala ikaamka kamera, ile nguo ya daraja la kwanza. Hakuna koti ya mzee... hapana, ngoja, ndio maana nasema usiuze gunia bila kulipekua wewe mwenyewe mpaka chini, hilo umelijifunza kwa uchungu. Mwaga, pekua, toa kama kuna chako, rudisha. Mafundi wa magereji wananunua fagia kama matambara ya kupangusa mafuta, ongea na wawili watatu wachukue kwa gunia, hata bei ikiwa ya kutupa ikubali, maana kila gunia likitoka umenunua nusu mita ya sakafu. Likishatoka lisirudi, na wewe usilisindikize. Mwache kijana aende.

Kabla ya kugusa chochote kuna mambo ya usalama, na hapa niruhusu niwe nesi kidogo. Mshumaa uishe kwa hiyo nyumba, kabisa. Nunua taa ya sola au tochi ya kuchaji itundikwe mahali pamoja. Karibu na meko usiache nguo wala karatasi, acha mita moja pande zote, na ekstensheni zozote zilizofunikwa na nguo zifunuliwe leo maana waya ukipata joto chini ya nguo hautoi harufu mpaka umechelewa. Jiko la makaa usiingize ndani kulalia hata kukiwa na baridi, ile hewa yake inaua kimya, na kwa nyumba iliyozibwa ni mbaya zaidi.

Nguo zilizolala miaka huwa na panya, tusidanganyane. Ukitaka kufungua rundo la zamani, kwanza fungua madirisha nusu saa utoke nje. Vaa glavu za mpira, viatu vya kufunika, barakoa, mikono mirefu. Ukipata kinyesi cha panya usifagie kavu, vumbi lake ndilo linaleta magonjwa, changanya Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo, sehemu moja na maji sehemu kumi, nyunyizia palowe, ngoja dakika tano, okota na kitambaa, weka kwa mfuko funga. Na Jik usiichanganye kamwe na dawa ya kusafisha choo, hiyo hewa inatoka inachoma mapafu, nimeshampokea mama mmoja hawezi kuvuta pumzi juu ya hiyo. Sumu ya panya usitawanye kwa nyumba ina mtoto wa miaka sita, tumia mtego. Kabla hujaingiza mkono mahali huoni, gonga na fimbo usikize, nyoka anapenda mahali panya yuko. Toa kutoka juu kushuka chini, usivute la katikati, umeona gunia likiporomoka linafanya nini. Na rundo lolote linalobaki lisipite kiuno chako.

Kuchoma usichome tena nyuma ya ploti. Moshi wa plastiki na waya ni sumu, na ni watoto wa ploti wanauvuta. Redio zilizokufa na betri ziweke kando kwa karatoni moja, usipasue, wakichukua watu wa skrepa wachukue nzima na uwaambie wasichome waya hapo. Dawa za zamani za mzee kama ziko peleka kemisti au famasia ya hospitali uulize waziharibu vizuri. Rangi ya makopo usimwage mtaroni, mitaro yetu yote inaenda ziwani. Na kama kuna ndoo na mitungi iko nje imeshika maji ya mvua, hiyo geuza leo, haihitaji kuamua, unageuza tu. Hapo unafuga mbu wa kumuuma mjukuu wako.

Sasa ile kazi ya kuamua tutaianza vipi. Dakika ishirini kwa siku, weka alamu kwa simu, ikilia unaacha hata kama umenoga. Anza na vitu havina moyo. Kwako naona juala. Hizo hata kumpa mtu sokoni huwezi, marufuku ilianza 28 Agosti 2017 na faini yake si ya mchezo, kwa hivyo kesi yao iliamuliwa zamani na serikali, wewe unatekeleza tu. Chukua rundo moja la juala. Kaa kwa stuli karibu na mlango. Utasikia moyo unaanza, mkono unakuwa mzito, kichwa kinakuambia kuna siku zitaruhusiwa. Usibishane nacho. Ziweke kwa mfuko wa taka, funga fundo, weka nje ya mlango, rudi ukae na uangalie saa. Huo wasiwasi utapanda, utapanda sana, labda dakika kumi utaona kama unaenda kuzirudisha kama ile soksi. Kaa. Utashuka wenyewe. Ukishaona mara moja kwa macho yako kwamba unashuka bila wewe kukimbia kurudisha, kesho utakuwa mwepesi kidogo, na wiki ijayo mtungi hauna kifuniko utautoa bila kulala njaa. Hivi ndivyo hata wataalamu wanavyotibu, hatua ndogo, mtu akikaa na huo wasiwasi mpaka auzoee.

Baada ya juala, ndoo zilizopasuka. Halafu viatu vya mguu mmoja. Usiniambie kuhusu yule mwenzake, Mama Pacha, umemngoja vya kutosha. Kile huwezi kuamua kiingie kwa karatoni moja tu imeandikwa tarehe, moja, ikijaa lazima kitu kitoke ndio kingine kiingie. Vitu vya mzee, magazeti yake, hivyo viwe vya mwisho kabisa, hata mwaka ujao. Na magazeti ukifika, pekua kila moja, watu huweka karatasi za maana ndani. Tafuta mkebe wa bati wenye kifuniko, ndani yake iingie kitambulisho, cheti cha kifo cha mzee, vyeti vya kuzaliwa, karatasi zake za kazi ya Naivasha kama ziliokoka, na ukae karibu na mlango. Siku ya moto unashika mtoto na mkebe.

Kuna shimo hujaniambia lakini nalijua, bado unanunua. Nyumba haikujaa tena kwa upepo. Ukifunga soko jioni na kuna mtu anauza fagia ya mia mbili gunia, mkono unaenda. Kwa miezi mitatu hii beba pesa ya stoki ya siku hiyo tu, nyingine mpe mwenzako wa kibanda akushikie, na umwambie kwa nini. Najua hiyo sentensi ya kwa nini ndio ngumu kuliko yote. Anza na huyo mmoja.

Hospitali nenda, na si kwa ile sababu ya Apiyo. Hapo Jaramogi, wengi bado tunaiita Russia, kuna kliniki ya akili na kuna makaunsela, na msomaji aliye upande wa Nakuru aulize pale PGH, ile hospitali kuu ya Nakuru. Waambie vile ulivyoniambia, pamoja na Naivasha. Dawa ya kumeza ya kuondoa kurundika hakuna ya uhakika, kinachosaidia zaidi ni mazungumzo ya matibabu ya wiki kwa wiki, lakini mara nyingi chini yake kuna huzuni nzito ambayo inatibika, na huzuni ikishuka mkono nao unalegea. Hujaniambia kama usiku unawaza kufa. Kama unawaza, usingoje kliniki, mwambie jirani yule aliyesukuma mlango akupeleke siku hiyo hiyo. Mtoto naye aonwe, asiyelala bila leso wiki tatu baada ya moto anahitaji kuongea na mtu.

Apiyo na Adongo, najua mamenu atawaonyesha hii. Kwanza ombeni msamaha wa koti, msiseme hatukujua, semeni pole tulichoma koti ya baba. Halafu mje Jumamosi moja bila lori na bila mkokoteni. Mmoja akae na mtoto. Mwingine akae kwa stuli kando ya mama, achukue kitu kimoja, amwonyeshe, aulize hii iende wapi, na asubiri jibu hata likichukua dakika tano. Msishike kitu hajakisema. Msicheke kiatu cha mguu mmoja. Akichoka mwache, mkapike. Mkitoka na mifuko mitatu mtakuwa mmefanya kazi kuliko ile ya mwaka juzi, kwa sababu hiyo mitatu haitarudi.

Na wewe Mama Pacha, usiku wa leo, kabla ya hayo mengine yote, hamisha ule upande mmoja wa godoro. Kusanya nguo zilizo kati ya kitanda na mlango wa chumba, zirushe popote, hata juu ya kochi, usiamue chochote. Mtoto alale upande wa mlango, wewe ulale ukutani. Mwachie leso ashike.